Dawa za injini kwa gari mzee: ya kuosha nitanunua tena, ya kunenepesha oili hapana

Gari ni Toyota 110, injini ya 5A, imezunguka hizi barabara za Kisumu miaka mingi na ukifungua kifuniko cha oili ulikuwa unaona tope nyeusi imeganda pale ndani. Dawa nimenunua duka moja la spea pande za Kibuye.

Ya kwanza ni Liqui Moly Engine Flush, kopo ya 300 ml, inatosha oili mpaka lita 5. Unapasha injini moto, unamimina hiyo dawa kwa oili ya zamani, unaacha ingurume dakika 10 hapo hapo bila kuendesha na bila kukanyaga mafuta, halafu unamwaga yote na unabadilisha filta, na hapo kwa filta msibane pesa jamani manake uchafu wote umepita huko. Ile kitu ilitoka ilikuwa nyeusi na nyepesi vibaya. Fundi akaomba abaki nayo, si mnajua oili chafu huku haitupwi, inapakwa mbao mchwa wasile, lakini hii iko na dawa ndani sijui mchwa watasema nini.

Imesaidia? Ndio. Oili mpya imekaa na rangi yake muda mrefu kuliko zamani na pale kwa kifuniko kumeng'aa. Ile tik tik ya valvu bado iko na haingeisha, manake 5A valvu zake zinapimwa kwa shimu (visahani vya chuma vya kurekebisha nafasi), hakuna lifta ya oili (ile inajirekebisha yenyewe kwa presha ya oili) ya kuoshwa hapo, kwa hivyo muuzaji akikuahidi kelele itaisha muulize kwanza kama anajua ni injini gani. Alafu kama tope ni nzito kama uji wa wimbi usiguse hii dawa kabisa, itabanduka vipande viende vizibe chujio ya pampu ya oili na injini ikauke ukiwa barabarani. Hiyo unaisafisha polepole, unaweka oili ya bei ya kawaida na unabadilisha mapema mapema, tope inalainika yenyewe.

Dawa ya kuosha injekta (zile zinanyunyiza petroli kwa injini) nayo inaenda kwa tangi. Soma kwa kopo uone kama iko na polietheramini, hiyo ndio inakula masizi hata kwa valvu, zingine nyingi ni kama mafuta ya taa yamewekwa jina kubwa. Weka dawa kwanza ndio ujaze petroli, ichanganyike. Kupanda kutoka Ahero kwenda Kericho gari ilikuwa inakohoa, sasa haikohoi, ingawa wiki hiyo hiyo niliweka plagi mpya kwa hivyo sifa zote siwezi kuipa dawa.

Sasa hizi za kunenepesha oili, omera, wachana nazo. Ringi za pistoni zikiisha zimeisha, oili inapita na kuungua. Moshi wa bluu unapungua kidogo mnunuzi asijue, na asubuhi ya baridi huko Molo oili nzito inachelewa kufika juu kwa kamshafti (chuma ya kufungua valvu), yaani unaficha ugonjwa huku unaongeza mwingine. Za kuziba kuvuja kwa stearingi zinafurisha mpira wa sili tu, kama paipu imepasuka hakuna kopo itaishona. Na ile unga ya kuziba rejeta inaziba pia mahali haikutumwa. Weka kulanti badala ya maji ya mfereji, basi, kutu itapungua.

Duka lenyewe naipa nyota nne. Jamaa wa kaunta alinionyesha tarehe chini ya kopo bila kuulizwa na hakunisukumia vitu sikutaka. Nyota moja nimekata kwa sababu filta orijino ya 110 mara iko mara haiko, piga simu kabla hujapanda boda kwenda.