Laini ya simu ya safari ya China: ipi uinunue kabla ya kupanda ndege

Kwa safari ya siku kumi hadi kumi na tano ya kuchukua mzigo Guangzhou au Yiwu, usichague laini kwa kuangalia bei ya GB moja. Ukifanya hivyo, laini ya China itashinda, na ndiyo hiyo itakayokuacha bila WhatsApp huku mteja wa Kariakoo anasubiri picha za bidhaa.

WhatsApp, Gmail, Play Store, Facebook na Instagram zimefungwa China bara. Zitafunguka au hazitafunguka kutegemea mahali data yako inapoingilia intaneti, wala si aina ya simu. Laini iliyosajiliwa nje, hata ikishika mnara wa Guangzhou, kwa kawaida data yake hupelekwa kwanza kwa mtandao wake wa nyumbani, iwe Hong Kong, Singapore au Tanzania, ndipo iingie intaneti. Laini ya China na Wi-Fi ya hoteli huingilia humohumo China, kwa hiyo zinakutana na kizuizi. Mpangilio ufuatao umetokana na hilo.

1. eSIM ya safari, pamoja na laini yako ya nyumbani

eSIM ni laini isiyo na kadi, inayowekwa ndani ya simu yenyewe. Kujua kama simu yako inaikubali, piga *#06#. Ikionekana namba ndefu ya EID, yenye tarakimu 32, simu inakubali eSIM. iPhone zinakubali kuanzia XS na XR, ila nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China bara hazina, na hizo zimejaa kwenye maduka ya mitumba. Simu nyingi za bei ya chini nazo hazina. Hakikisha pia simu haikufungwa kwa mtandao mmoja.

Wauzaji ni wengi: Airalo, Nomad, Holafly, Trip.com. Kabla ya kulipa soma mambo matatu: siku zinaanza kuhesabiwa ukiweka eSIM au ikishika mtandao mara ya kwanza, hotspoti inaruhusiwa au la, na data inaingilia nchi gani. Neno "bila kikomo" lisikubabaishe. Mara nyingi kuna kiwango cha siku, na ukikimaliza kasi inashuka mpaka picha moja inachukua dakika nzima kwenda.

Kiasi cha kununua: saa moja ya kuongea WhatsApp hula takriban MB 30, ya video takriban MB 300. Mtu wa meseji, picha na simu za sauti anatosheka na GB 5 kwa siku kumi. Kama unamwonyesha mteja bidhaa kwa video dukani, chukua GB 10. Zima uhifadhi wa nakala za picha kwenda iCloud au Google Photos, maana wenyewe unaweza kumaliza bando usiku mmoja ukiwa umelala.

Nunua na uiweke ukiwa bado nyumbani, kwenye Wi-Fi, kwa kuskani msimbo wa QR. Ukitua, iwashe, ichague iwe laini ya data, kisha washa data ya romingi kwa laini hiyo peke yake. Hapa ndipo wengi hukwama na kudhani wametapeliwa: eSIM hiyo yenyewe iko ugenini, bila swichi ya romingi haitoi data. Kwenye laini ya nyumbani swichi hiyo ibaki imezimwa, na kwenye iPhone zima pia ruhusa ya simu kubadilisha laini ya data yenyewe. Usiifute eSIM ikigoma. Msimbo mwingi wa QR hutumika mara moja tu.

Kasoro yake: nyingi ni za data tu, hazina namba.

2. Kadi ya Hong Kong

Hii ni kwa simu isiyo na eSIM lakini yenye nafasi mbili za laini. Hakikisha kifurushi kimeandikwa kuwa kinafanya kazi China bara, si Hong Kong pekee. Hong Kong nako kadi husajiliwa kwa pasipoti.

3. Laini ya China

Data yake ni ya bei rahisi kuliko zote, na unapata namba ya +86, inayohitajika kwa programu nyingi za huko zinazothibitisha kwa meseji. Nenda na pasipoti kwenye tawi la China Mobile, China Unicom au China Telecom. Tangu Desemba 2019 mteja mpya huskaniwa uso. Inafaa kwa anayekaa mwezi au zaidi, na hata hapo iwe laini ya pili. Ifunge rasmi kabla ya kuondoka, la sivyo ada ya mwezi huendelea kukatwa.

4. Romingi ya laini ya nyumbani

WhatsApp inafunguka, lakini bila kifurushi cha romingi salio linaisha kwa dakika. Kwa siku mbili tatu, sawa. Hata usipoitumia kwa data, laini hii ibaki kwenye simu: meseji za benki zinakuja humo. Washa huduma ya romingi kabla ya kuondoka, na weka salio. Kupokea meseji kwa kawaida ni bure. Kupokea simu unakatwa, kwa hiyo acha iite.

5. Wi-Fi ya hoteli na VPN

Mwisho kabisa. VPN, yaani programu ya kupitisha data nje ya China ili kukwepa kizuizi, hukatika bila taarifa, ukiwa tayari China ni shida kuipakua, na isiyoidhinishwa inakiuka sheria za huko.

Laini yoyote utakayochagua, fungua akaunti ya WeChat (programu ya meseji ya China) na ya Alipay (ya malipo) ukiwa nyumbani kwa namba yako ya kawaida. WeChat inaweza kudai mtumiaji wa zamani akuthibitishe kwa kuskani msimbo, basi fanya ukiwa na mtu wa kukusaidia. Kwenye Alipay unganisha kadi ya Visa au Mastercard. Ukishaiunganisha, unaweza kuita teksi ya Didi humohumo bila namba ya China. Kwa ramani tumia Amap, kwani ile ya Google, hata ikifunguka, huonyesha maduka yamehama mtaa.

Na kama utapitia Hong Kong au Macao, angalia jina la kifurushi: kilichoandikwa "China" peke yake huenda kikazima ukivuka mpaka.