Faiba ya nyumbani Unguja: laini nzuri, matengenezo yameshuka tangu mafundi wapunguzwe

Huduma tunayoipima hapa ni intaneti ya faiba ya majumbani, inayotolewa na kampuni moja ya miundombinu kwa wateja wa Mjini na Magharibi: Mji Mkongwe, Michenzani, Mbweni, Fuoni, Bububu. Jina la kampuni tunaliacha, maana tabia tunazozieleza huzikuta popote palipopunguzwa watu wa kazi za nje. Kwa kasi na utulivu wa laini tunaipa nyota 4 kati ya 5. Kwa matengenezo tunaipa 2, na hizo 2 ni haki ya mafundi waliobaki, wanaobeba kazi za wenzao walioondoka.

Tuanze na laini, kwa sababu imejengwa vizuri. Faiba ni uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Mwanga unatoka kwenye mtambo wa kampuni ukiwa na nguvu ya dBm 3 hivi (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga: kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, mwanga unakuwa hafifu). Kilomita 4 za faiba zinakula kama desibeli 1 tu (desibeli ni kipimo cha mwanga unaopotea njiani). Inayokula zaidi ni splita, kifaa kinachougawa mwanga mmoja kwa njia 32, inayochukua karibu desibeli 17. Maungio na vichwa (ncha za waya zinazochomekwa) vyote vya njiani ukivijumlisha, ongeza 2 au 2 na nusu. Kwa hiyo nyumbani kwako mwanga unatakiwa ufike kwenye -17 au -18. Kifaa cha kawaida cha nyumbani kinaweza kuusoma mpaka -27. Hapo una akiba ya desibeli 9, na akiba hiyo ndiyo inayoliwa mafundi wakiwa wachache.

Inaliwa bila mteja kujua. Kwenye -18 intaneti inakwenda kasi ileile inayokwenda kwenye -24. Video haikwami, na ukipimwa kasi kwa simu majibu ni mazuri. Ukishafika -27 ndipo mambo yanapoharibika kwa mara moja: laini inakatika na kurudi, halafu inakatika moja kwa moja. Basi fundi aliyekuja mwezi wa kwanza akafanya kazi ya haraka anaonekana hodari, na hasara inajitokeza masika, akiwa ameshatumwa kwengine.

Kazi ya haraka ina sura yake. Faiba ikikatika kati ya nguzo na nyumba, dawa ni kuiunga kwa mashine ya moto, inayoyeyusha ncha mbili za kioo zikashikana. Ungio zuri linakula chini ya desibeli 0.1. Lakini mashine ni ghali, na timu zinapovunjwa hubaki chache, zikizunguka kutoka gari moja hadi jengine. Fundi asiye nayo siku hiyo hutumia kichwa cha kubana kwa mkono. Ndani ya kichwa hicho mna ute unaojaza nafasi kati ya nyuzi mbili za kioo. Kikifungwa vizuri kinakula nusu desibeli. Kikifungwa ndani ya kiboksi kinachopigwa na jua mchana kutwa, ute unakauka, uzi unasogea, na hasara inapanda taratibu. Kwa dharura kinafaa. Kosa ni kutorudi kukibadilisha, na kurudi ndiko kunakokosa mtu.

Halafu kuna usafi wa vichwa. Tunausisitiza kwa sababu ndio unaoachwa kwanza fundi anapokuwa na nyumba nyingi za kufika kabla ya magharibi. Ncha ya kioo ni ndogo mno, na chembe moja ya vumbi au alama ya kidole inaweza kula desibeli 1 na zaidi. Kila kichwa kinachofunguliwa kifutwe kabla ya kurudishwa, kwa kalamu ya kusafishia au kitambaa kisichotoa nyuzi chenye spiriti safi. Kufuta kwa fulana kunapaka mafuta. Kosa jengine ni kuchanganya kichwa cha kijani na cha buluu: kijani kimekatwa kwa mshazari, buluu kimekatwa sawa. Vinaingiana bila taabu, lakini vioo havigusani ipasavyo, na mwanga mwingi unapotea hapo hapo.

Ukifungua kiboksi cha nguzo kilichosahauliwa, utakuta mpira wa mfuniko umepasuka, bawaba zina kutu ya hewa ya bahari, na sisimizi wamejaza udongo kwenye matundu ya waya. Zamani, watu walipokuwa wanatosha, viboksi vilikaguliwa kabla ya masika ya Machi hadi Mei na kabla ya vuli ya Oktoba. Ukaguzi haumleti mteja mpya wala haujibu malalamiko ya leo, ndiyo maana hukatwa mwanzo kwenye hesabu za kupunguza gharama.

Lililo zito kuliko yote ni kumbukumbu. Mchoro wa ofisini unasema nyumba fulani iko tundu la 5 la kiboksi cha nguzo. Ukweli, tundu la 5 liliharibika na fundi wa mtaa akaihamishia la 7, akalijua yeye peke yake. Akiondoka, anaondoka na ramani. Anayekuja baada yake anachomoa tundu la 5, anamkata jirani aliyekuwa salama, na malalamiko moja yanakuwa mawili. Mji Mkongwe ni tabu zaidi, kwa vile waya hupita juu ya mapaa na kuzunguka kuta, na vichochoro havikufuata mstari wowote.

Na kuna usalama. Kazi ya watu wawili sasa inafanywa na mmoja. Mmoja alikuwa anawasha taa nyekundu ya kutafutia ufa ndani ya nyumba, mwenziwe yuko juu ya nguzo anaangalia mwanga unatokea wapi. Akiwa peke yake anapanda, anashuka, anaingia ndani, anapanda tena, na ngazi haina wa kuishika. Waya wa faiba wa kwenda nyumbani mara nyingi una uzi wa chuma ndani yake wa kubeba uzito. Kuti la mnazi likiuangusha ukalala juu ya waya wa umeme ulio wazi, chuma hicho kinaweza kubeba umeme wa volti 230. Fundi aliyechoka, bila mwenziwe wa kumwambia "ngoja kwanza", anaushika. Kampuni inayotuma mtu mmoja kupanda nguzo inakosea, hata kama ndani ya mwezi mzima hakuna aliyeumia.

Mteja ana nafasi ya kujilinda. Kabla hujapiga simu, tazama taa za kifaa. Taa ya LOS (ya kuonesha mwanga umepotea) ikiwa nyekundu, mwanga haufiki, au umefika hafifu mno. Sema hivyo hivyo. Taa ya PON (ya kuonesha kifaa kimeungana na mtambo) ikipepesa bila kutulia, mwanga upo lakini kifaa hakijakubaliwa na mtambo. PON ikitulia na intaneti hakuna, usiitishe fundi wa nguzo. Tatizo lipo kwenye ruta, akaunti, au kwenye mitambo ya kampuni. Maelezo haya yanampunguzia fundi safari ya bure, na wewe siku za kungoja.

Akifika, mwambie, "Fundi, nipimie kwanza kabla hujafungua kitu." Apime kwenye mawimbi ya nanomita 1490, kisha apime tena akimaliza. Namba zote mbili ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa kiboksi chako, pamoja na tarehe na namba ya tundu la nguzoni. Ukiona -19, kazi ni nzuri. Ukiona -25, usimruhusu aondoke bado. Muulize kama kichwa kimefutwa, na kama ametumia cha kubana, iandikwe kwenye taarifa kwamba arudi na mashine. Fundi wa kweli hachukii kuombwa hivyo, maana taarifa hiyo inamsaidia yeye kumdai msimamizi muda na vifaa. Ndani ya nyumba, waya wa ziada uzungushe duara pana, sentimita 10 hivi, wala usiupinde kwenye pembe ya mlango.

Nyumba ya kawaida ijiunge. Faiba bado inashinda simu kwa kasi. Nunua na betri ndogo ya volti 12 inayolingana na kifaa, ili umeme ukikatika intaneti ibaki. Kwa nyumba za wageni na mikahawa ya Mji Mkongwe, inayopokea malipo ya kadi na oda kwa mtandao, usitegemee laini hii peke yake: weka ruta yenye nafasi ya laini ya simu, ya kampuni nyengine. Na kabla ya kusaini, muulize muuzaji maswali mawili: eneo lako lina mafundi wangapi wenye mashine ya kuungia, na saa za kurejesha huduma zimeandikwa wapi kwenye mkataba. Akishindwa kukuonesha, lipa mwezi kwa mwezi.