Zumu inayorefuka na vumbi la Ndutu: uzoefu wangu

Nilitaka kuipa nyota moja na kuishia hapo. Lenzi yangu ya masafa marefu, zumu ya aina inayochomoza bomba lake la mbele kila unapoizungusha, imekwama kati ya milimita 300 na 400 (milimita zikizidi, kitu cha mbali kinaonekana karibu zaidi). Haiendi mbele, hairudi nyuma. Ilikwamia Ndutu, kusini mwa Serengeti, duma ameshaanza kunyatia swala tomi. Lakini kilichonichoma zaidi ni jibu la dukani. Fundi wa duka lililoniuzia aliigeuza mkononi mara mbili, akasema: "Kaka, umebadilisha lenzi nje kwenye upepo, vumbi likaingia. Dhamana haihusiki na uzembe." Hakuifungua. Hata tochi hakuimulikia.

Mtu anayelipwa kutengeneza lenzi hapaswi kusema neno kama hilo. Vumbi la kubadilisha lenzi nje linatua kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa picha, na kwenye kioo cha nyuma cha lenzi. Kwenye sensa utaliona upesi: piga picha ya anga tupu kwa tundu dogo la f/16, madoa ya kijivu yatajitokeza. Linaudhi, lakini linapulizwa au kusafishwa likaisha. Halikwamishi zumu.

Vumbi linalokwamisha zumu linapita mbele. Bomba likichomoza, nafasi ya ndani inaongezeka na lenzi inavuta hewa. Likirudi ndani, chochote kilichotua juu yake kinapita chini ya ukanda mwembamba unaoziba mwanya. Ukanda huo unapangusa kiasi, si chote. Ndani kuna vipini vidogo vyenye vipete vya plastiki vinavyotembea ndani ya mifereji iliyochongwa mshazari. Ndivyo vinavyosukuma bomba. Chembe zikiingia kwenye mfereji, kipete kinasagika upande mmoja, kipini kinalala, bomba linakwenda upande, basi linang'ang'ania. Na vumbi la Ndutu na nyanda za kusini mwa Serengeti si vumbi la kawaida. Udongo ule umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na Ol Doinyo Lengai ni hai mpaka leo. Chembe zake ni za kioo na madini, zinakwangua kama msasa.

Dalili zilikuwepo wiki kadhaa kabla: pete ya kuzungushia zumu nzito mahali pamoja tu, tena palepale kila mara, na mlio wa kusaga ukiweka sikio karibu. Ukiona hivyo acha kuzungusha. Ukilazimisha, kinachofuata mara nyingi ni kebo bapa ya ndani, ile inayojikunja kila zumu inapotembea, kuchanika, na kamera itasema haiwasiliani na lenzi.

Kwenye boksi imeandikwa kwamba imekingwa dhidi ya vumbi. Mpira upo kweli, pale lenzi inapokutana na kamera. Hapo hapakuwa na tatizo. Bomba linaloingia na kutoka mara mia kwa siku ndilo lilihitaji ulinzi, na hilo hakuna muuzaji anayekueleza.

Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya mbuga kavu, kabla ya kuuliza milimita ngapi, aulize kama lenzi inarefuka. Kwa kamera za Sony zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) ipo FE 200-600mm f/5.6-6.3 ya mwaka 2019, na kwa Nikon ipo Z 180-600mm f/5.6-6.3 ya 2023. Zote mbili zinazumu kwa ndani, urefu wa nje haubadiliki. Faida ya pili ni kwamba ikiegemezwa juu ya mfuko wa maharage dirishani mwa gari haisogezi uzito wake mbele unapozumu. Wenye Canon wana kazi zaidi, maana RF 100-500mm na RF 200-800mm zote zinarefuka. Wao wanaweza kufunga EF 400mm f/5.6L ya zamani kwa adapta, ambayo haizumu kabisa, ila haina kituliza mtikisiko. Kwa hiyo kasi ya shata isishuke hovyo, picha itatikisika.

Milimita zenyewe zinaamuliwa na barabara. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti gari haliruhusiwi kuacha njia, hivyo chui akiwa mtini mbali, ni lenzi itakayomfikia, si dereva. Kwa sensa kubwa (full-frame), 600 inatosha mara nyingi. Kwa sensa ndogo (APS-C), 400 inakupa uwanja wa picha kama wa 600. Tarangire tembo wakipita ubavuni mwa gari, 600 isiyozumu inakupa sikio tu.

Mwanga usiudharau. Namba ya f ikiongezeka, tundu la lenzi linakuwa dogo. Kutoka f/4 hadi f/6.3 mwanga unapungua karibu mara mbili na nusu: palipotosha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 1250 sasa utahitaji 3200. Kamera za sasa zinabeba hiyo, na zinashika jicho la mnyama hata kwa lenzi ya f/9, jambo lililozishinda kamera nyingi zenye kioo cha ndani (DSLR). Ila baada ya saa nne asubuhi usilaumu lenzi yoyote. Hewa inayochemka juu ya nyasi inayeyusha manyoya ya simba aliye mbali, hata kwa lenzi ya bei ya gari. Dawa ni kusogea au kurudi alfajiri. Na mwambie dereva azime injini. Mtikisiko wake na joto la boneti vinaharibu picha nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Dukani, elekeza lenzi chini uone kama bomba linateleza lenyewe. Lichomoze lote, lishike mwishoni, litikise taratibu: likicheza sana, liache. Zungusha pete polepole kutoka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza. Piga picha 20 za kitu kilekile kwenye urefu wa mwisho, tundu likiwa wazi kabisa, ukivuruga fokasi kabla ya kila picha na kuiacha kamera iitafute upya. Nyingi zikitoka na ukungu, kuna kasoro. Kama ni ya mtumba iliyokaa Dar, Tanga au Mombasa, mulika tochi ya simu kwa nyuma utafute kuvu, inaonekana kama utando wa buibui. Linganisha namba iliyo kwenye lenzi, boksi na kadi ya dhamana.

Mwenye zumu inayorefuka tayari, kanuni ni moja: usirudishe bomba likiwa chafu. Puliza kwa pampu ya mkono, pangusa kwa brashi laini, ndipo urudishe. Gari likitembea ifunike kwa kanga, na mkiwa eneo la vumbi jingi ifunge kwenye urefu mmoja upige hivyohivyo.

Na sasa nikiangalia picha zilizopigwa kabla haijakwama, mkono unasita. Kope za duma zinahesabika. Ni nyepesi kuliko hizo zinazozumu kwa ndani, inaingia kwenye begi laini la ndege ndogo ambako mzigo wote mara nyingi ni kilo 15. Kwa anayepiga picha za ndege wa porini akitembea kwa miguu Usambara, kwenye unyevu usio na vumbi, ningemwambia anunue, na ningempa sababu zote. Nyota nne basi kwa vioo. Kwa Ndutu wakati wa kiangazi, hapana, nyota moja ni nyingi. Kwa duka, hakuna nyota.

Nimewaomba waandike kwenye karatasi yenye muhuri kwamba zumu imekwama kwa sababu lenzi ilibadilishwa nje, na fundi atie saini. Mpaka leo hawajaandika.