Ruger No. 1 au Winchester 1885?

Bunduki hizi mbili hubeba risasi moja tu. Ukisukuma wenzo wa chini, bonge la chuma linaloziba mtutu hushuka wima. Unaingiza risasi, unarudisha wenzo, bonge linapanda na kufunga. Haina boliti, kile chuma cha kufungia mtutu kinachovutwa nyuma, hivyo hata yenye mtutu mrefu haiwi ndefu mno mkononi.

Winchester ni ubunifu wa John Browning wa Utah, aliyepata hataza yake mwaka 1879. Nyundo yake iko nje: kwa jicho tu unajua kama imevutwa. Hilo nalipenda sana.

Ruger, ya miaka ya 1960, ilifuata nyayo za bunduki ya Farquharson ya Uskoti ya mwaka 1872. Nyundo imefichwa ndani, na kitufe cha usalama kiko juu, pale dole gumba linapotua lenyewe. Kasoro yake ni mbao ya mbele: ikiugandamiza mtutu vibaya, risasi hutawanyika kwenye shabaha, na kuirekebisha kwataka subira.

Kwa kuwindia ningechukua Ruger. Ya kurithisha mwanangu, Winchester, tena ile kongwe.