TAHADHARI: Amu za nyuma "mpya kutoka Japan" zinazozunguka Mbeya ni chuma cha kuunga, puti na rangi

Wakuu, kama unatafuta amu za nyuma za gari, vile vyuma vinavyoshika tairi chini ya bodi, na kuna mtu anakwambia "stoo yetu iko Kabwe lakini leo imefungwa, mzigo nakutumia na boda", ngoja kwanza, soma hapa kabla hujatuma hela. Mimi nimeshatuma. Nimepigwa shilingi 420,000, na ilibaki kidogo tu niishie kwenye shamba la viazi la mtu kule Isongole.

Gari yangu ni Toyota Mark II Grande, GX110 ya 2002 yenye injini ya 1G. Mwenye gari hizi anajua nyuma hakuna ekseli moja inayounganisha tairi mbili. Kila tairi inajitegemea, imeshikwa na amu zake, na kila amu ina bushi, yaani raba ya kiungo, huku na huku. Bushi zikifa, ukiachia mafuta kwenye kona gari inatikisa mkia kama bata. Tairi nazo zinalika upande wa ndani, ule usiouona mpaka uiname. Kwa nje kashata za tairi ziko safi, kwa ndani waya umeshachungulia.

Zangu zilikufa mwezi wa tatu. Fundi wangu wa miguu ya gari pale Soweto akanipa njia mbili: atoe bushi kuukuu kwa presi (mashine ya kukandamiza) apige mpya, au nitafute amu kamili. Ningemsikiliza kwa ile ya kwanza nisingekuwa naandika hapa. Ila mimi nilikuwa nimeishusha gari kidogo kwa springi fupi, na gari ya aina hii ukiishusha tairi za nyuma zinaingia ndani kwa juu. Nikataka amu za kurefusha na kufupisha ili nizirudishe zisimame. Tamaa yangu ilianzia hapo, nakiri.

Tangazo nililiona kwenye status ya WhatsApp ya jamaa mmoja, naye alikuwa ameliokota kwa mwingine. Amu nne za bluu, bushi nyekundu zinang'aa, zimepangwa juu ya vigae vya kijani. Nikapiga simu.

"Boss, hizo ni Japan kabisa. Bushi poliyurethani, hazifi mpaka unauza gari."

Nikamwomba nije dukani nizione. Stoo iko kwenye hesabu. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. "Ukitaka risiti bei inapanda, boss wangu." Jina lililotokea nilipotuma hela halikufanana na jina alilonitajia, akasema ni la shemeji yake. Tukakubaliana nusu kabla, nusu mzigo ukifika. Ulifika saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua inanyesha, kijana wa boda hajazima hata pikipiki. Nikafungua boksi juu ya siti, nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona nyekundu na bluu, nikamalizia hela. Kulikuwa na harufu kali ya rangi mbichi. Nikajiambia ndiyo harufu ya kitu kipya.

Kesho yake wakati wa kufunga, fundi alihangaika na amu ya kulia. Bolti ya mwisho haikutaka kuingia mpaka akachukua mtaimbo. "Kaka, hii ina ugomvi," akasema. Mimi nikamhimiza. Kwenye alaimenti, kule kunyoosha tairi, kijana wa mashine akaniambia kulia imeishia: ile bolti yenye sahani ya alama, inayosogeza amu ukiizungusha, ilikuwa imefika mwisho na tairi bado imetazama nje. Nikamwambia arekebishe kwenye amu yenyewe, si inarefuka? Akaweka spana kwenye nati, haikusogea hata nywele. Akasema itakuwa imekaza na rangi. Nikaondoka hivyo hivyo. Tairi za nyuma zikitazama nje gari haitulii kwenye mstari, hilo nilikuwa nalijua, nikalifumbia macho kwa sababu nilikuwa nimeshalipa.

Wiki tatu baadaye nakwenda Tukuyu. Nimepita Isyonje, nashuka kuelekea Isongole, barabara imelowa, spidi kama 60. Nikaachia mafuta kwenye kona. Nyuma nikasikia *tak*, mkia ukahama, nikajikuta nashikilia usukani kwa mikono miwili na kumwita Mungu kwa Kinyakyusa, lugha ambayo hata si yangu. Nikasimama pembeni. Kina mama waliokuwa wanauza viazi wakaja kutazama. Tairi ya nyuma kulia imeegemea ndani kama mguu wa mbuzi aliyevunjika. Kuvutwa mpaka mjini kukala shilingi 80,000 nyingine.

Sasa sikilizeni kilichoonekana mezani kwa fundi, maana hiki ndicho kimenifanya niandike.

Fundi alichukua sumaku ya spika kuukuu akaipitisha juu ya amu. Ikang'ang'ania huku, ikang'ang'ania kule, ilipofika katikati ikateleza. Akarudia, ikateleza palepale. Akakwangua kwa ufunguo: bluu, chini yake unga wa kijivu. Puti! Puti ile ile ya kuzibia bodi iliyobonyea. Chini ya puti kuna mstari wa kulehemu wenye mashimo kama maandazi, na chini yake rangi nyeusi ya zamani na kutu. Yaani ni amu ya mtumba imekatwa katikati, ikawekewa kipande cha chuma chenye nyuzi na nati ndefu ili ionekane ni ya kurefusha. Nati yenyewe imechomelewa kidogo chini ya rangi, ndiyo maana kijana wa alaimenti alishindwa. Tulipoikata tukaona sababu: chuma cha milimita 14 kilikuwa kimeingia ndani ya nati milimita 8 tu. Fundi anasema chuma kama hicho kishike walau mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 21. Waliichomelea isizunguke ili mtu asigundue haijashika kitu.

Ugomvi wa bolti nao ukapata jibu. Tundu za mwisho mbili za amu hiyo, zinakokaa bushi, zinatakiwa zilale sambamba. Aliyeunga alizipinda. Fundi alipitisha nondo mbili zilizonyooka, moja kila tundu, tukatazama kwa ubavuni: moja inaelekea Mbalizi, nyingine Uyole. Mtaimbo ulilazimisha bolti iingie, na tangu siku hiyo ile sehemu ya kulehemu ilikuwa inasokotwa kila gari inapopita tuta. Na mnajua matuta ya Mbeya yalivyo.

Bushi nyekundu nazo ni plastiki. Poliyurethani halisi, ambayo ni kama raba ngumu, ukiikandamiza na ukucha inabonyea kidogo na kurudi, hii ilipasuka kama rula ya shule. Ndani yake, panapopita bolti, badala ya kishina cha chuma palikuwa na kipande cha bomba la maji. Nyuzi za bomba bado zinaonekana upande mmoja.

Mtu atasema shida ni muuzaji, bushi za poliyurethani zenyewe hazina neno. Kwa gari ya kutembelea mjini mimi nimebadili mawazo, hata zingekuwa halisi. Amu za nyuma za gari hizi haziendi juu na chini tu, zinajisokota pia. Raba inakubali kusokotwa. Poliyurethani ni ngumu zaidi, inataka greisi yake maalumu, ikikauka inalia kama kitanda cha gesti, na kwenye sehemu zinazosokotwa inaweza kuibana amu isitembee vizuri. Zipo pia zile zenye boli, yaani kiungo cha chuma cha mviringo, zisizo na raba kabisa. Hizo waachie wa mashindano. Tope na vumbi vikiingia zinaanza kugonga, na kila kokoto utalisikia kwenye siti. Kama gari yako haijashushwa, huna hata haja ya amu za kurefusha. Bushi za raba nzuri zilizopigwa kwa presi kwenye amu zako za asili zinatosha.

Hapo kuna jambo mafundi wengi wanalikosea. Bushi ya raba imeshikana na chuma chake cha ndani. Haizunguki, inajisokota. Fundi akikaza bolti mpaka mwisho gari ikiwa juu ya jeki, miguu inaning'inia, basi ukishusha gari raba inakuwa imeshasokotwa kabla hujatoka gereji. Inachanika baada ya miezi michache na wewe unamlaumu aliyekuuzia. Aingize bolti zote, azishike kidogo, gari ikae chini kwa uzito wake au aunyanyue mguu kwa jeki mpaka urefu wake wa kawaida, ndipo akaze. Simama uone akifanya.

Kama bado unataka kununua amu, nunua mchana, mahali unapoweza kurudi kesho. Nenda na sumaku, hata ya mlango wa friji inatosha kwa amu za chuma. Pitisha nondo kwenye tundu uangalie. Za kurefusha, mwambie azungushe nati mbele yako pande zote mbili, kisha azitoe kabisa mhesabu nyuzi. Akikataa, ondoka. Ukiambiwa ni jenuini ya Toyota, namba yake kwa kawaida ina tarakimu kumi, tano na tano. Tano za mwanzo zinataja ni kifaa gani, na 48710 ni amu ya nyuma namba moja. Boksi lenye namba ya kitu kingine, au lisilo na namba, usilipe. Na usiogope mtumba. Amu iliyotoka kwenye gari iliyochinjwa kuuzwa vipuri, ina kutu lakini haijapinda wala kupakwa rangi, inakuonesha kila kitu ilichopitia. Rangi mpya juu ya chuma cha zamani ndiyo ya kuogopa.

Jina la huyu mtu silitaji, kwanza hata sina hakika ni lipi kati ya matatu. Tangu nimpigie amenibloku. Kesi nimeifungua polisi na RB ninayo, na picha nimezipeleka FCC, Tume ya Ushindani, kwa sababu bidhaa za kughushi ni kazi yao. Juzi rafiki yangu wa Iringa amenitumia tangazo: amu za Toyota Altezza, safari hii za zambarau, lakini vigae ni vile vile vya kijani, na kigae cha pembeni kina ufa ule ule.

Aliyekwisha kununua za bluu au zambarau zenye bushi nyekundu asisubiri zilie. Inyanyue gari uiweke juu ya stendi za gereji, pitisha sumaku, kwangua katikati. Ukikutana na unga wa kijivu, usiendeshe hata mpaka Mwanjelwa.

Amu yangu ya kulia bado iko kwa fundi Soweto, imetundikwa kwenye msumari karibu na kompresa, imekatwa katikati ili mtu aone puti, nyuzi na bomba la maji. Mwenye shaka apite aombe kuishika.