Uzoefu wangu na mbio za magari za Jumamosi usiku: vinjonjo sawa, ila visile mizunguko ya madereva

Naishi North Carolina, Marekani, mwaka wa sita sasa, na kama uko huku unajua magari kwao ni kama Simba na Yanga kwetu, mtu anarithi dereva wa kumshangilia toka kwa babu yake. Mi sizungumzii zile mbio kubwa za kwenye TV za NASCAR, chama kikubwa cha mbio za magari huku. Nazungumzia viwanja vidogo vya mtaani, lami ya duara ambayo mzunguko mmoja haufiki hata kilomita, na wanaoendesha ni fundi bomba, dereva wa lori, mwalimu, gari kalitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba na hela kaitoa mfukoni. Kiingilio dola 20 mkubwa, mtoto nusu, unakaa karibu mpaka vumbi la tairi linakuangukia kwenye chipsi.

Kiwanja ninachokipa maoni hapa kiko kama dakika 40 toka kwangu, jina naliacha. Naenda na kijana wangu wa miaka 9 karibu kila Jumamosi ya kiangazi, na tunaenda hasa kwa sababu jirani yetu, mzee mmoja wa makamo, anakimbiza pale daraja la striti stoki, yani gari za kawaida za zamani zilizong'olewa viti vyote zikawekewa mabomba ya chuma ndani. Jioni za katikati ya wiki huwa namsaidia kubeba tairi na kushika tochi akiwa chini ya gari, ndo maana hili jambo linanigusa.

Sasa mwaka huu kiwanja kimeongeza burudani za pembeni. Mbio za mabasi ya shule yale ya njano kwenye njia ya namba nane, kwa hiyo wanakatizana katikati na muda wowote wanaweza kugongana. Kuna mbio za treni, magari matatu yamefungwa minyororo, la mbele ndo lina injini na la nyuma ndo lina breki, la katikati halina dereva kabisa linaburuzwa tu. Kuna lori lenye injini ya jeti linachoma gari bovu kwa moto wa nyuma, na fataki. Na nasema ukweli, ni raha, mi mwenyewe nilisimama juu ya benchi.

Tatizo ni ratiba. Jumamosi moja ya Julai walianza mchujo saa moja usiku vizuri tu, watoto wakakimbia na vigari vyao, magari ya silinda nne yakakimbia, alaf badala ya kuingia fainali wakaleta mabasi. Basi moja likapigwa ubavuni pale kwenye makutano, rejeta ikapasuka, oili ikamwagika kwenye lami mita kadhaa. Hapo ndo ukaanza mwendo wa mafagio, wanamwaga ule unga wa kunyonya oili, wanafagia, wanamwaga tena, gari la kukokota linahangaika na basi ambalo tairi za mbele zimelala upande, mtangazaji anarusha fulana kwa watu ili wasizomee. Niliangalia saa, dakika 50. Na pale kuna sheria ya kelele kwa ajili ya majirani, saa tano usiku injini zote zizimwe, haina mjadala.

Fainali ya striti stoki ilikuwa iwe mizunguko 30. Wakaikata ikawa 12.

Kwa asiyejua hii michezo, mizunguko 12 kwenye kiwanja kifupi haimpi mtu wa nyuma nafasi yoyote. Mzee alikuwa anaanza wa 11, na mpango wake wote ulikuwa kutulia mwanzoni asiunguze tairi, wenzake wakianza kuteleza kona ya pili yeye ndo apande, na mara mbili msimu huu nimemuona akifanya hivo akamaliza watatu bora. Safari hii akafika wa saba, bendera ikashuka. Tulivyoingia piti, pale madereva wanapoegesha na kutengeneza magari, tukamkuta amekaa juu ya tairi la akiba, glavu hajavua, anapitisha kiganja kwenye tairi la mbele la kulia, lile linaloumia zaidi kuliko yote, na ule ung'avu wa tairi jipya bado unaonekana pembeni. Tairi moja anainunua zaidi ya dola 150. Akaniambia tu, "Hizi nimezileta kutembea." Mke wake alikuwa ameshafunga vyakula, hakuna aliyeongea sana.

Kijana wangu njia nzima anaongelea basi. Tulivyokaribia nyumbani akanyamaza kidogo alaf akauliza, "Baba, kwa nini mzee hakupewa mizunguko yake?"

Na hapa lazima niwatendee haki wenye kiwanja. Mtoto huyu huyu mara ya kwanza alichoka kwenye mchujo wa pili, nusu nimrudishe nyumbani, ni mabasi ndo yalimbakiza. Leo anajua namba za gari zote za striti stoki na nani alimgonga nani wiki iliyopita. Mabasi ndo yalimfungulia mlango. Na najua kiwanja kinaishi kwa tiketi na soseji, jukwaa likiwa tupu kinauzwa yanajengwa maghorofa, vimeisha vingi hivo. Kwa hiyo wale wazee wa piti wanaosema ondoa vyote, hapana, siko nao.

Ila nimeshaenda pia Bowman Gray pale Winston-Salem, robo maili ya lami inayozunguka uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo, NASCAR wanakimbia pale kila wiki ya msimu toka 1949, na Februari 2025 hata wale wakubwa wa kwenye TV walikuja na dereva Chase Elliott akashinda. Pale nao wana mbio za kubamizana hadi libaki gari moja linalotembea, lakini siku nilizoenda mimi ziliwekwa mwisho kabisa, fainali zimeshaisha, oili imwagike itakavyo. Na wana kitu kimoja nakipenda mno, wale wa daraja la modifaidi, yani gari zilizobadilishwa sana kwa ajili ya mbio, waliofuzu nafasi za mbele wanapewa hiari waende kuanzia nyuma, na wakifanikiwa kurudi mbele wanalipwa hela ya ziada. Dereva akikubali, uwanja mzima unasimama unapiga kelele, na hapo hakuna moto wala basi, ni mbio zenyewe zimefanywa ziwe tamu zaidi.

Nilienda ofisini kwao Jumamosi iliyofuata nikawaambia hivo hivo kwa adabu, mabasi yaende mwisho, na fainali ikikatwa madereva warudishiwe walau nusu ya ada ya piti. Dada wa dirishani aliandika kwenye daftari, akaniuliza na jina.

Chakula kizuri, vyoo safi, walinzi wana heshima. Mtoto mvalishe vizuia masikio, vya bei rahisi vinatosha. Kwa sasa nawapa nyota tatu. Siku nikiona striti stoki wamekimbia 30 zao kamili narudi hapa naongeza.