Fundi wa Mabatini aliyemuundia mke wangu baiskeli ya gia

Wakuu habari zenu, hii naiandika kwa mtu wa Mwanza anayetaka kumnunulia mke wake baiskeli ya gia, hizi mauntenibaiki, na hajui aanzie wapi. Mimi nilianza vibaya. Mwaka jana nilipita duka moja hapa mjini nikaona baiskeli nyekundu kali, shokapu mbele na nyuma, tairi za inchi 29, nikalipa laki nne na nusu palepale, mwenyewe hata sikumuuliza, nikampelekea nyumbani iwe zawadi. Alifurahi sana. Lakini alivyopanda mara ya tatu magoti yakaanza kumuuma, viganja vinakufa ganzi, na kila tukisimama njiani lazima ailaze upande ndo mguu uguse chini. Mwezi haukuisha ikawa imeegeshwa ukutani. Iliniuma kwa sababu huyu mama amekulia Ukerewe, baiskeli ya Phoenix ameanza kuendesha akiwa darasa la nne, alikuwa anabeba mzigo hadi Nansio na kurudi. Baiskeli anaijua, ile fremu ndo ilikuwa kubwa kwake.

Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja Mabatini, hana bango wala nini, yuko chini ya mwembe na fremu za mtumba zimening'inia. Nikaanza kumtajia gia ngapi, tairi namba ngapi, akanikata: "Kaka, mlete shemeji mwenyewe, mimi siwezi kushona nguo ya mtu sijampima." Nikarudi naye siku ya pili.

Aisee alimpima kweli. Akamsimamisha peku, mgongo ukutani, akampa daftari gumu alibane katikati ya mapaja alivute juu kabisa, halafu akapima kutoka juu ya daftari mpaka chini, ikaja sentimita 72. Akatoa simu akazidisha kwa 0.883 akapata 63 na nusu hivi, akasema huo ndo urefu kutoka katikati ya krenki, pale pedeli zinapozungukia, mpaka juu ya kiti, tutaanzia hapo halafu tutarekebisha akishapanda. Mimi miaka yote najua kiti kinapandishwa kwa macho tu.

Mke wangu ana sentimita 158, fundi akachagua fremu ya aluminiamu ya inchi 15, bomba la juu limeshuka, yaani akisimama miguu yote imekanyaga chini na bado vidole vinne vinapita kati yake na bomba. Hapo ndo nikaelewa kwamba saizi ya fremu na saizi ya tairi ni vitu viwili tofauti, na mtu mfupi ukimpa tairi 29 kwenye fremu ndogo mbele panakuwa juu na ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi akikata kona. Akafunga 26, tyubu zake pia anazipata bila kuhangaika.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni usukani. Ile shingo inayoshika usukani ilikuwa ya milimita 100, akaitoa akaweka ya 60 ili mama asijinyooshe kama anafikia kitu juu ya kabati, halafu akakata usukani wenyewe kwa msumeno, sentimita mbili kila upande, maana mabega yake ni membamba. Halafu breki. Kuna kiskrubu kidogo pale kwenye mkono wa breki, ukikikaza mkono unasogea karibu na vidole. Basi! Muda wote alikuwa anaogopa mteremko wa Bugando na mimi nadhani ni woga, kumbe vidole vilikuwa havifiki breki vizuri. Nilijisikia vibaya sana.

Kiti alimkalisha kwenye kipande cha katoni juu ya benchi, akapima alama mbili za mifupa ya makalio, ndo akachagua kiti chenye upana wake. Akasema kiti kinene laini kama godoro kinadanganya, safari ikiwa ndefu unazama na kinakubana pabaya. Shokapu kaweka ya mbele tu, ile ya nyuma kwenye baiskeli za bei ya chini inaongeza uzito na kula nguvu za miguu. Gia ni tatu mbele na nane nyuma, ndogo ya mbele meno 22 na kubwa ya nyuma 32, kwa hiyo mguu ukizunguka mara moja tairi halifiki hata robo tatu ya mzunguko, na kwa milima yetu hii ya Isamilo huko hiyo ndo gia yenyewe. Upepo kajaza psi 30, mimi nilikuwa najaza mpaka tairi ligonge kama jiwe.

Gharama: fremu 120,000, rimu na tairi 95,000, gia na breki 90,000, kiti na usukani 30,000, ufundi 50,000. Jumla 385,000, chini ya ile nyekundu.

Sasa ubaya wake niuseme pia. Aliahidi Jumamosi, nikaipata baada ya siku kumi na moja na simu hapokei akiwa na kazi. Risiti hana, mtaandikiana kwenye daftari. Na baada ya wiki mbili rimu ya nyuma ilianza kuyumba, spoku zimelegea, ila nilivyomrudishia alikaza zote bila kudai hela na akasema spoku mpya lazima zirudiwe zikishatembea kidogo, angeniambia mapema nisingeshtuka.

Jumapili iliyopita tumetoka Nyegezi tukapita Malimbe mpaka Luchelele, vumbi na mawe, ziwa liko pale pembeni linang'aa, na kile kilima cha mwisho alipanda chote bila kushuka akanisubiri juu. Nikamuuliza magoti? Akasema magoti gani. Sa hivi anataka keria awe anapitia samaki mwaloni, kwa hiyo Jumamosi tunarudi Mabatini, na mimi nimemwambia fundi anipime.